Mwaka wangu katika maabara ya Kijapani: majibu kwa wanaoniuliza barzani

Tangu nirudi, kila nikikaa barzani Kibokoni huulizwa maswali yale yale matatu: Wajapani wanakula nini, wanalipa vipi, na je, ni kweli kwamba kule watu hufa kwa kazi? Majibu ya mkato huwa na uongo kidogo ndani yake, kwa hivyo nimeona afadhali niandike kwa urefu. Isitoshe, mwezi huu nimepigiwa simu na wazazi wawili, mmoja yuko Rotterdam na mwengine Majengo, wote wana watoto wanaosomea sayansi na wote wana swali moja: mwanangu aende?

Nianze na njia niliyopitia. Nilizaliwa Mombasa, nikahamia Ujerumani na mamangu nikiwa na miaka tisa, na huko nikasomea kemia. Pasipoti yangu ni ya Ujerumani, na hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango, kwa sababu mpango niliokwenda nao, unaoitwa Vulcanus in Japan, uliwekwa kwa ajili ya wanafunzi wa Umoja wa Ulaya. Unaendeshwa na kituo cha ushirikiano wa viwanda baina ya Ulaya na Japani kilichoundwa 1987, na mpango wenyewe ulianza 1997. Ni mwaka mzima, Septemba hadi Agosti: wiki moja ya semina, miezi minne ya kusoma lugha, kisha miezi minane ndani ya kampuni. Msaada wa nauli na matumizi ulikuwa yeni 1,900,000 kwa mwaka wote, na malazi ni bure. Si pesa za kujengea nyumba Nyali, lakini mtu halali na njaa.

Mimi nilipangiwa kampuni ya kemikali katika mji wa viwanda si mbali na Kobe. Jina lake silitaji. Wanatengeneza gundi na rangi za kupaka juu ya vyuma na plastiki.

Kwanza lugha. Kijapani kina herufi za aina mbili zinazofuata sauti, hiragana na katakana, kila moja ina herufi 46 za msingi. Hizo mtu huzimaliza kwa wiki tatu akijitahidi. Halafu kuna kanji, alama zilizotoka China, na orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida ina alama 2,136. Miezi minne ya darasa ilinipa labda mia tatu. Kumbukeni hesabu hiyo, kwa sababu baadaye iliniponza.

Lakini kuna upande wa lugha ambao sisi watu wa Pwani tunaufika kabla ya Wazungu. Wenzangu darasani, Mfaransa na Wahispania wawili, waliumiza kichwa kuelewa kwa nini Mjapani anayetoka kazini huwaambia wenzake "otsukaresama desu". Mwalimu aliwaeleza kwa dakika kumi, wakabaki wameduwaa. Kwa Kiswahili ni maneno mawili tu: poleni kwa kazi. Ukiingia chumba cha mkubwa unasema "shitsurei shimasu" mlangoni na unangoja. Hiyo ni hodi. Ukisafiri, hata kama ni siku mbili tu, huwezi kurudi ofisini mikono mitupu. Unaleta boksi la vijikeki, kimoja kimoja kimefungwa kwa karatasi yake, unagawa meza hadi meza. Nani kati yetu hajawahi kurudi Lamu na kuulizwa "umetuletea nini"? Unampa mtu kadi yako ya jina kwa mikono miwili, na yake unaipokea kwa mikono miwili. Mamangu alinifunza hayo nikiwa mdogo, kwa kofi.

Siku ya kazi ilianza saa mbili na nusu asubuhi kwa mazoezi ya viungo. Redio inapigwa, kinanda kinalia, na watu wote, kuanzia mkurugenzi wa kiwanda hadi mimi mwanagenzi, tunanyoosha mikono na kuruka ruka. Mazoezi hayo yalianza kurushwa redioni 1928 na bado yanaendelea. Kisha kikao kifupi cha kusimama: nani anafanya nini leo, kuna hatari gani. Ndipo mtu anaingia maabara.

Usalama wao ulinishangaza kuliko mashine zao. Kabla ya kufungua valvu, fundi anainyooshea kidole na kusema kwa sauti ile anayoiona, kisha anamalizia "yoshi!", yaani sawa. Anafanya hivyo hata akiwa peke yake. Desturi hii ilianza kwa madereva wa treni. Mwanzo nilicheka chini chini, nikiona watu wazima wanaongea na mabomba. Halafu nikaonyeshwa jaribio la 1994 la taasisi ya utafiti wa reli ya Japani: wasipoonyesha wala kusema, watu walikosea mara 2.38 katika kila vitendo 100. Wakifanya yote mawili, makosa yalishuka hadi 0.38. Nikaacha kucheka. Mpaka leo nikifunga gesi jikoni kwa mama naionyeshea kidole, na yeye ananiangalia kama nimerogwa.

Jambo jengine ni namna uamuzi unavyofanywa. Mwezi wa pili nilipeleka wazo kikaoni: nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kompyuta ya kujaza jedwali la vipimo moja kwa moja, badala ya kunakili kwa mkono kutoka daftari. Nililieleza vizuri, kwa picha. Watu wakanyamaza. Mkubwa akasema "tutalitazama". Wiki tatu zikapita, kimya. Nilidhani wananidharau.

Senpai wangu, yaani mtu aliyenitangulia kazini na aliyepewa jukumu la kunilea, ndiye aliyenifumbua macho. Akaniambia, wazo lako si baya, kosa lako ni kwamba umelitoa kikaoni. Kule, wazo hupitishwa kwanza kwa mtu mmoja mmoja, pembeni, kwa kahawa: unamuuliza huyu ana wasiwasi gani, unalirekebisha, unakwenda kwa yule. Wanaita nemawashi, neno la watunza bustani, maana yake ni kuizungukia mizizi ya mti taratibu kabla ya kuuhamisha. Siku ya kikao ni ya kutia muhuri tu.

Nikajishika kichwa. Hii ni posa! Nani kwetu hupeleka wazee kwa kina bibi harusi bila ya kwanza kutumwa mtu wa kunong'ona? Shangazi huenda, huulizia, hurudi na habari, huenda tena. Siku ambayo wazee wanakaa kwenye mkeka na kusema "tumekuja kuomba", kila mtu ameshajua jibu, na atakayekwenda bila maandalizi hayo ataambiwa "tutawajibu" na hatajibiwa milele. Nikaanza upya, nikazunguka meza tano kwa wiki mbili. Programu ikakubaliwa kwa dakika nne.

Sasa nije kwenye lile kosa, maana naona mzazi anayeuliza kama mwanawe aende ni haki yake kulijua.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kupima mnato wa gundi, yaani uzito wake wa kutiririka, kama tofauti ya uji mwepesi na asali. Kijiti kinazungushwa ndani ya gundi na mashine inapima nguvu inayohitajika kukizungusha. Joto likishuka, gundi huwa nzito. Likipanda, huwa nyepesi. Kwa hivyo kila sampuli lazima kwanza ikae ndani ya beseni la maji lenye joto la nyuzi 25 kamili, la sivyo huwezi kulinganisha ya leo na ya jana.

Beseni lile lilikuwa na kioo chenye namba mbili, na kila namba ilikuwa na alama mbili za kanji kando yake. Mimi nilisoma ya juu. Siku zote ilikuwa 25.0. Nikaiandika daftarini, nikapima, nikafurahi. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu za Februari.

Alhamisi moja usiku, niko kwenye treni nakwenda bwenini, napitia kadi za maneno kwenye simu. Kadi ikatokea: settei. Maana yake: kupanga, kuweka kiwango. Niliziona zile alama na tumbo likaniporomoka. Ndizo zilizokuwa kando ya namba ya juu. Nilikuwa nikisoma joto lililoamriwa, si joto lililopo.

Asubuhi nilifika kabla ya kila mtu. Namba ya chini ilisema 22.4. Kipasha joto kilikuwa kimechoka, na chumba kilikuwa baridi. Kila kipimo changu cha wiki tatu, zaidi ya sampuli sitini, kilikuwa kimezidi. Na jedwali langu ndilo lililokuwa litumike kuchagua mchanganyiko wa kujaribiwa kiwandani Jumatano iliyofuata.

Nitasema kweli, kwa dakika kama ishirini nilifikiria kunyamaza. Ningeweza kurekebisha kipasha joto, nirudie sampuli chache, niseme zimebadilika. Nilikuwa mwanagenzi, mgeni, mweusi peke yangu katika jengo zima, na Mwislamu peke yangu. Nilijiona kwamba nikikosea, nimewakosea na wengine wote watakaokuja nyuma yangu wakifanana na mimi. Mzigo huo hakunitwika mtu, niliubeba mwenyewe, lakini uzito wake ulikuwa wa kweli.

Kule kazini kuna neno ambalo mgeni hufunzwa siku ya kwanza: hōrensō. Limeundwa kwa mianzo ya maneno matatu, kuripoti, kuarifu na kuomba ushauri, na kwa sauti linafanana na jina la mchicha, basi hakuna anayelisahau. Na kila mwezi kila mmoja wetu alitakiwa kuandika angalau kisa kimoja cha hatari iliyokaribia kutokea ikakosa. Ukutani palibandikwa piramidi ya Heinrich, Mmarekani wa mambo ya bima aliyeandika 1931 kwamba nyuma ya ajali moja kubwa kuna ndogo 29 na visa 300 visivyomdhuru mtu. Nilikuwa nikiitazama piramidi hiyo wakati senpai alipoingia. Nikamwambia.

Alivuta pumzi kupitia meno, akanyamaza muda ambao mimi niliuona kama saa. Kisha akasema asante kwa kuniambia mapema. Hakupaza sauti. Saa nne tulikuwa kikaoni, na mkubwa akaanza kuuliza kwa nini, mara tano mfululizo, mtindo uliotoka viwanda vya Toyota. Kwa nini vipimo vimezidi? Kwa sababu maji yalikuwa baridi. Kwa nini hakuna aliyejua? Kwa sababu ilisomwa namba isiyo sahihi. Kwa nini ilisomwa hiyo? Kwa sababu msomaji hakuzijua alama. Kwa nini alama ni za Kijapani peke yake, ilhali tunapokea wageni kila mwaka? Hapo wakatazamana. Na kwa nini kipasha joto hakikukaguliwa? Kwa sababu hakimo katika orodha ya ukaguzi. Jina langu halikutajwa hata mara moja.

Mpaka hapo utasema, mashallah, watu hawa wana hekima. Ngoja nimalize. Alasiri ile senpai alikwenda kiwandani kuwaomba radhi waliokuwa wamejiandaa kwa jaribio, likaahirishwa wiki mbili. Nilitaka kwenda naye nikakatazwa. Aliinama mbele ya watu kwa kosa langu. Na sampuli zile sitini alizirudia yeye, Jumamosi, siku aliyokuwa ameahidi kuwa na binti yake, kwa sababu sheria za mpango wetu hazimruhusu mwanagenzi kufanya kazi siku za mapumziko. Nilijua Jumatatu, kwa kuona mwandiko wake daftarini.

Ujerumani ningetia saini kosa langu, ningesemwa, na Jumamosi ningeirudia kazi mwenyewe. Kule kosa la mmoja ni la kitengo kizima. Ninavyoona mimi, jambo hili linawafanya watu waseme mapema, na hapo hapo linawafanya wengine waogope kusema, maana anayeadhibiwa si wewe, ni yule aliyekutendea wema. Nilipika mahamri jikoni bwenini, iliki nilikuwa nimetumiwa na mama, nikampelekea sahani nzima. Alikula mawili, mengine akamchukulia binti yake. Hatukulizungumza tena.

Chakula. Mtu wa Pwani hateseki kwa wali na samaki, na vyote viwili vimejaa. Taabu ni vilivyojificha: nguruwe ndani ya supu, mirin na sake ndani ya mchuzi wa karibu kila samaki wa kupika. Mpishi wa kantini, mama mmoja mtu mzima, alianza kunichomea samaki wangu kando kwa chumvi tupu bila ya mimi kuomba mara ya pili. Karamu za ofisini baada ya kazi huwa na pombe nyingi. Mimi nilishika gilasi yangu ya chai ya oolong na hakuna aliyenisukuma. Kilichonitoa jasho ni hamamu ya bwenini, ya pamoja, watu wote uchi. Nilikuwa nikienda saa saba za usiku, kukiwa hakuna mtu.

Adhuhuri niliswali katika chumba cha kuhifadhia karatasi wakati wa chakula. Niliomba kwa njia ile ya kuzunguka mizizi, nikapewa. Mombasa tumezoea kibla ni kaskazini. Kule unaelekea magharibi, ukipinda kaskazini kidogo. Ijumaa ndiyo iliyokuwa ngumu, kwani ni siku ya kazi na msikiti uko mbali. Nilifika msikiti wa Kobe mara chache, nikichukua ruhusa ya nusu siku. Ulifunguliwa 1935, wa kwanza kabisa nchini Japani, ukasalimika mabomu ya 1945 na tena lile tetemeko la Januari 1995. Ramadhani iliangukia Machi. Wenzangu waliniuliza kila siku, hata maji? Hata maji. Wiki ya pili niliona wameacha kunywa kahawa mbele yangu, nikawasihi waendelee, wakakataa.

Na wale wanaokufa kwa kazi? Ni kweli, neno lake ni karōshi, na 2014 ilipitishwa sheria maalumu ya kulizuia jambo hilo. Kisheria wiki ya kazi ni saa 40. Tangu Aprili 2019, kwa kampuni kubwa, saa za ziada zina kikomo cha 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, ingawa kuna mlango wa dharura unaoruhusu zaidi. Kampuni ndogo zilifuata 2020. Mimi nilitakiwa kuondoka saa kumi na moja na nusu, na niliondoka, nikisema "samahani natangulia" kama desturi ilivyo. Lakini taa za ghorofa yetu nilikuwa nikiziona kutoka dirisha la bweni, na saa tatu za usiku zilikuwa bado zinawaka. Sikumwona mtu akianguka. Niliona watu waliochoka ambao hawakujua majina ya walimu wa watoto wao.

Sasa kwa mzazi wa Rotterdam: mwanao akiwa na pasipoti ya nchi ya Umoja wa Ulaya na yuko chuo kikuu katika sayansi, uhandisi au ujenzi, aangalie Vulcanus. Kwa mzazi wa Majengo, mlango huo haumhusu, lakini ipo milango mengine. Serikali ya Japani hutoa ufadhili wa masomo unaoitwa MEXT, na maombi hupitia ubalozi wao Nairobi. Upo pia ABE Initiative, uliotangazwa 2013 kwenye mkutano wa TICAD mjini Yokohama, unaowapeleka vijana wa Afrika kusoma shahada ya pili na kisha kufanya mafunzo ndani ya kampuni za Kijapani. Tusingoje wa bara wazijaze nafasi zote halafu tulalamike.

Na atakayekwenda aanze lugha sasa, si akifika. Hiragana yaweza kujifunzwa hapa hapa, kwa simu, bure. Zile alama mbili za settei mwambieni azijue kabla ya kitu chochote. Pale kwenye beseni siku hizi pana kibandiko cha Kiingereza, na chini yake, kwa mwandiko wangu, senpai aliniomba niongeze lugha yangu: "joto lililopangwa" juu, "joto la sasa" chini.